Aina za Mumiani Alizozijua Siyad

Kilichomkera Siyad kuliko joto na vumbi ni kuwasikia watu wakizungumza kuhusu mumiani bila elimu yoyote juu ya mumiani.

"Eti ana meno marefu," alisema, akiweka kikombe chini. "Akiwa na meno marefu nani atamkaribisha ndani? Eti gari lake ni jekundu. Wewe ungekuwa mumiani ungenunua gari jekundu?"

Wanaume waliokuwa kwenye kibanda cha chai cha Arbia, kando ya barabara pale Kotile, walicheka. Siyad hakucheka. Alikuwa na miaka sitini na kitu, ndevu zake amezipaka hina, na alipozungumza kuhusu wanyonya damu alizungumza polepole, kama anavyozungumza mchungaji akikueleza tofauti ya kupe na kupe.

"Yule wa zamani, wa Pwani, ambaye baba yangu alimsikia alipokuwa akipeleka ng'ombe Lamu, alikuwa mjinga. Aliua. Ukiua, ndugu wa marehemu wanakuja. Akaja wa hospitali, huyo ana akili. Anachukua tone moja kwenye kidole, anakupa pamba, anakuambia urudi Alhamisi, na wewe mwenyewe kwa miguu yako unarudi. Mwingine hajawahi hata kuiona hiyo damu. Amekaa kwenye kiti kinachozunguka huko Nairobi, analetewa. Na sasa kuna huyu."

Alielekeza kidevu upande wa bwawa la maji, lilikoegeshwa gari jeupe lililowasili asubuhi hiyo ya Jumatatu.

"Huyu ni wa mifugo. Ndiye mpya na ndiye mbaya wao. Amegundua kwamba mtu akidungwa sindano hupiga kelele, lakini ngamia akidungwa humtazama tu mwenyewe, na mwenyewe ameshapewa soda."

Safari hii hawakucheka sana. Wawili watatu waligeuka kulitazama gari.

Mwenye gari alikuwa daktari wa mifugo aitwaye Nkirote, mwanamke wa Meru aliyehamishiwa Garissa mwaka mmoja uliopita. Alikuwa na dereva, sanduku la barafu, hadubini, na mashine ndogo ya kuzungusha vichupa vya damu iliyotumia betri ya gari. Tangu zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023, zilizofanya Mto Tana uvunje kingo zake, pange walikuwa wamezaliana kupita kiasi. Pange ni nzi mkubwa anayenyonya damu ya ngamia, na akitoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima humwachia ugonjwa ambao Wasomali huuita dhukaan. Ngamia mwenye dhukaan hukonda taratibu, jike hutupa mimba, na mwisho hufa. Nkirote alikuja kupima damu, na aliyekutwa na ugonjwa alichomwa dawa papo hapo bila malipo.

Kwa mtu mwenye nia njema hapo hapana cha kushuku. Lakini Nkirote alikuwa na kosa la wageni wote wa bara: aliuliza maswali. Aliuliza una ngamia wangapi, na huku hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaja hadharani idadi ya ngamia wake, jicho la watu lisije likawaangukia. Alipoona hajibiwi akauliza majina yao, akayaandika.

"Daktari," Siyad alimwuliza kwa Kiswahili chake, ambacho kila p hugeuka b, mbele ya watu, "wewe naandika jina ya ngamia kwa nini? Nataka kumbeleka shule?"

Nkirote alicheka, kisha akasema jambo ambalo Siyad hakulitarajia.

"Mzee, wewe ndiye Siyad? Nimesikia habari zako mpaka Garissa. Wanasema unanusa mchanga na kujua ngamia anaumwa. Mimi naamini kabisa. Ningependa tufanye kazi pamoja: wewe unuse, mimi nipime damu, tuone kama tunakubaliana."

"Habana," alisema Siyad. Akaondoka.

Siku hiyohiyo ndipo mumiani wa mifugo alipozaliwa katika elimu ya Siyad. Asubuhi hakuwako.

Hapa inafaa nieleze huyu Siyad alikuwa nani, maana ukimwona leo utadhani ni mzee wa kubishana tu. Kwa miaka thelathini alikuwa pua ya Kotile. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Alfajiri ngamia anapoamka hukojoa, na Siyad huokota mchanga ule uliolowa, akaubana ngumini, akausogeza puani na kufumba macho. Dhukaan ina harufu yake. Alipoulizwa ni harufu gani alisema ni ya dhukaan, na hakuna aliyewahi kupata jibu zaidi ya hilo. Wachungaji wengi wanaijua kiasi, ugonjwa ukishakomaa. Siyad aliijua kabla mnyama mwenyewe hajaanza kukataa malisho. Watu walimletea mchanga ndani ya mikebe kutoka Masalani na Hulugho, na mara moja muuza majani ya chai mmoja wa kambi ya Ifo alituma mkebe wake kwa lori la maji lililokuwa likirudi kutoka Dadaab, umefungwa kwa kitambaa, na kilo mbili za sukari juu yake. Siyad akanusa, akatuma jibu: auze majani ya chai kidogo ili anunue dawa, na upesi. Ngamia yule alipona.

Halafu ikaja homa ile ya korona. Ilimpata mwaka 2021, siku tisa kitandani, na wengi walimdhania hatoki. Akatoka. Asubuhi ya kwanza mkewe alimletea chai ya iliki na tangawizi, na Siyad akanywa maji ya moto. Alidhani mke amesahau viungo. Alichungulia kikombe, akaiona iliki inaelea.

Alingoja. Wiki, mwezi, msimu. Mkewe alifukiza udi nyumba nzima akamwuliza, "Huu mpya unauonaje?" naye akajibu, "Mzuri kuliko ule." Aliogopa, na hofu ile ilikuwa ya aibu zaidi kuliko ya ugonjwa. Mtu akipofuka watu watamshika mkono. Mtu asiyenusa wamshike nini? Na yeye hakuwa na kitu kingine. Ngamia wake hawakuwa wengi, hakusoma, hakuwa mzee wa baraza. Alikuwa pua.

Basi akanyamaza. Walipomletea mchanga aliubana, akafumba macho, akahesabu pumzi tatu, kisha akatazama vitu vingine: manyoya yamesimama au yamelala, jicho linatoka machozi, mwenye ngamia amekuja na uso gani. Mara nyingi alipatia. Pale asipokuwa na hakika alisema "safi", kwa sababu neno hilo humfurahisha kila mtu. Usimcheke. Au mcheke kidogo, lakini ujue alikuwa akilala vibaya.

Ndiyo maana lile gari jeupe lilimtisha kuliko mumiani yeyote wa Pwani. Hatari yake haikuwa sindano. Hatari yake ilikuwa kwamba lingesema ukweli pale pale, mbele ya watu, na kila jibu lake lingesimama kando ya jibu la Siyad.

Jioni ya Jumatatu alikuja Qali. Qali ni dada yake mdogo, mjane, anayeuza maziwa ya ngamia. Kila siku alituma madumu yake kwa gari la Masalani, na kwa maziwa hayo binti yake Leyla alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu mjini Garissa. Alikuwa na ngamia wachache, na kati yao mmoja aliyebeba nyumba nzima: Dahabo, mwenye maziwa mengi, na sasa akiwa na mimba.

Walizungumza Kisomali, kama watu wa huko wanavyozungumza wakiwa wenyewe.

"Walaal, kaka yangu, huyu daktari nimpelekee Dahabo?"

"Umepoteza akili hata utake kumpa mumiani mnyama wako amnyonye?"

"Hanywi damu, Siyad. Nimemwona anakunywa soda."

"Ndiyo adabu yao. Mumiani ana adabu sana. Leo anachukua kichupa cha Dahabo, na jina lake ameandika. Kesho kichupa kiko wapi? Umeuliza? Hukuuliza."

Qali hakuuliza, kweli. Alikuwa amebeba mkebe wenye mchanga wa asubuhi, akampa. Siyad akaubana, akafumba macho.

"Safi," alisema. "Peleka Dahabo kwa ngamia wangu kule nyuma ya kichaka, mpaka hili gari liondoke."

Qali alimwamini. Kwa nini asimwamini? Tangu alipokuwa msichana hajawahi kuona pua ile ikikosea. Usiku ule Siyad alijiambia kwamba Dahabo anaonekana mzima, kwamba manyoya yake yanang'aa, kwamba wasiwasi ni wa shetani.

Jumanne mtu wa kwanza alikwenda kwenye gari. Alikuwa Abdirahim, jirani wa Siyad, mtu mpole asiyebishana. Mwaka uliopita alipoteza ngamia saba, mmoja baada ya mwingine, katika miezi minne, na watu wakasema ni udhaifu wa ule ukame mrefu. Siyad alikuwa amekaa naye siku nyingi wakati ule, akimliwaza. Sasa Abdirahim aliwaleta waliobaki. Nkirote alidunga kwenye mshipa wa shingo, vichupa vikazungushwa, akachungulia kwenye hadubini, na kufika adhuhuri alimwambia kwamba watatu wana ugonjwa. Akawachoma dawa.

"Amekwambia watatu," Siyad alisema pale kwa Arbia. "Kwa nini isiwe wawili? Kwa nini isiwe wote? Ni mtu wa kukisia tu."

Abdirahim alimtazama kidogo. "Wewe uliniambia wote ni safi," alisema, bila ukali, akarudi kwenye chai yake. Siyad alihisi masikio yanawaka.

Jumatano foleni ilikuwa ndefu. Waliokuwa wakimcheka daktari Jumatatu walikuwa wakigombania kivuli cha gari lake. Kule nyuma ya kichaka, Dahabo alilala chini saa tano asubuhi wakati wenzake wakila, na macho yake yalikuwa yakitiririka machozi. Siyad aliona. Aliyaona yote, maana macho hayakuwa na tatizo. Akachukua mchanga, akaunusa kwa nguvu mpaka chembe zikamwingia puani akapiga chafya, na hakupata kitu. Alikaa pale chini karibu na mnyama, akiwa amekasirika, na hakujua amekasirikia nini.

Angeweza kumpeleka kwenye gari wakati ule. Alisimama, hata kamba aliishika. Kisha akawaza nyuso za wale wa kibanda cha chai, akaiachia.

Alasiri alipita kwa Qali. Dada yake alimmiminia maziwa, akamwuliza, "Dahabo?"

"Joto tu. Amechoka na joto." Akanywa, akafuta ndevu. "Maziwa yako, Qali! Moshi umekolea leo."

Alisema kwa mazoea, maana ndivyo watu wanavyoyasifu maziwa ya Qali. Yeye huvifukiza vyombo vyake kwa kijinga cha moto kabla ya kukamulia, na moshi ule ndio unaowafanya wanunuzi wamwulizie kwa jina. Lakini siku hiyo alikuwa amechelewa, hakufukiza chochote. Maziwa yalitoka kwenye dumu la plastiki lililooshwa kwa sabuni.

Qali alichukua kikombe kitupu. Alimtazama kaka yake akitoka langoni na akaendelea kusimama hata alipopotea njiani. Alianza kukumbuka mambo madogo madogo ya miaka mitatu. Kuna siku walipita karibu na mzoga wa punda, wote wakaziba pua kwa nguo, na Siyad akaendelea kusimulia habari ya harusi. Kuna siku sufuria iliungua ndani, naye amekaa mlangoni. Qali hakutaka kumshuku kaka yake. Ni jambo baya kumshuku mtu aliyekulea. Lakini shaka ilikwishaingia.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho. Gari lingeondoka baada ya sala ya adhuhuri kwenda Hulugho. Saa mbili asubuhi Qali alifika nyumbani kwa Siyad na mchanga ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, kifuniko kimebanwa.

"Wa Dahabo," alisema. "Nimetoka kule sasa hivi. Walaal, niambie ukweli, kwa sababu hawezi kusimama vizuri. Ukiniambia mgonjwa nitampeleka. Ukiniambia safi nitatulia."

Alimpa mkebe bila kumtazama usoni, na Siyad alidhani ni kwa ajili ya ngamia. Akafungua, akachota mchanga. Ulikuwa umelowa vizuri. Ulipobanwa haukushikana kama alivyozoea, uliteleza kidogo katikati ya vidole, naye akaliona hilo lakini alikuwa tayari amefumba macho. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Hapo alikuwa na nafasi. Angeweza kusema hata neno moja la kweli.

"Safi, Qali. Wallahi safi. Mpe maji."

Qali hakusogea.

"Ni mafuta ya taa," alisema.

Siyad alifumbua macho.

"Nimemimina mafuta ya taa kutoka kwenye koroboi. Mkebe mzima. Hata mimi hapa nilipo yananichoma pua." Alianza kulia, na alilia kwa hasira. "Na umeapa, Siyad. Umemtaja Mungu juu ya mafuta ya taa."

Siyad alitazama mkono wake uliolowa. Hakuna alichokisema ambacho kinafaa kuandikwa, maana alianza sentensi nne na hakumaliza hata moja. Alitaka kusema habari ya mumiani, na vichupa, na majina yaliyoandikwa, na yote yalimjia mdomoni yakiwa hayana maana.

"Tangu lini?" aliuliza Qali.

"Tangu homa."

"Mke wako anajua?"

"Hapana."

Qali alijifuta uso kwa ncha ya shungi. Hakumtukana, na Siyad angefurahi zaidi kama angetukanwa. Alisema tu, "Mlete Dahabo. Wewe mwenyewe," akaenda zake.

Iliwachukua yeye na Dahabo zaidi ya saa moja kufika bwawani, kwa safari ambayo ngamia mzima huenda kwa robo yake. Njiani mnyama alisimama mara nyingi, na kila mara Siyad alimngoja bila kumpiga. Alimwomba msamaha kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Watu walikuwa wengi. Walipomwona Siyad akija na ngamia, minong'ono ilianza, na wengine walitabasamu wakitegemea ugomvi mzuri. Dereva alikuwa ameanza kufunga vitu. Nkirote alinyoosha mgongo.

"Mzee, umekuja."

"Daktari," alisema Siyad. Aliona ni heri aseme kwa Kiswahili kwanza, lugha ambayo haimwumi sana. "Bua yangu imekufa. Miaka tatu sasa. Chukua damu ya hii ngamia, tafadhali."

Nkirote hakuelewa mara moja, kisha akaelewa. "Ile homa? Bole... pole sana, mzee." Aliharibikiwa na ulimi kwa kuwasikiliza mno wenyeji, akaona aibu. "Yangu ilipotea miezi miwili. Nilidhani nitakufa kwa huzuni. Na sikuwa naitumia kwa kazi."

Siyad alimshika Dahabo shingo kwa mikono miwili wakati sindano inaingia. Damu ilipanda kwenye kichupa, nyeusi kiasi. Mashine ilizunguka. Nkirote alichungulia kwenye hadubini, na hakuchukua muda.

"Anao," alisema. "Na si wa jana. Nitamchoma sasa. Atapona, nadhani. Mimba siwezi kukuahidi."

Qali, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa ngamia, aliweka kiganja kwenye tumbo la Dahabo na kukiacha hapo.

Ilikuwa imebaki lugha nyingine. Wale waliokuwa karibu walikuwa wamesikia, walio mbali wakauliza amesema nini, na Siyad alijua kwamba asiposema mwenyewe itasemwa vibaya zaidi. Akageuka, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kutosha kufika nyuma:

"Sinusi kitu. Tangu homa ya korona sinusi kitu chochote. Nimekuwa nikikisia."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akanyamaza. Siyad aliwaona wakirudi nyuma kichwani, kila mmoja kwa mkebe wake, kila mmoja kwa asubuhi aliyoambiwa safi.

Abdirahim alikuwa mbele, ameshika kamba ya ngamia wake mdogo aliyemleta kwa sindano ya pili. Uso wake ulikuwa mtulivu kama kawaida.

"Hata wale wangu saba?" aliuliza.

Siyad angetoa chochote swali hilo liulizwe na mtu mwingine. Huyu alikula naye. Huyu ndiye ambaye Siyad alimliwaza kila ngamia alipoanguka, akamwambia ni ukame, ni kadari ya Mungu, na akaomba dua naye juu ya mizoga.

"Hata wale wako," alisema.

Abdirahim aliivuta kamba, akampeleka ngamia wake upande wa pili wa gari, akasimama naye huko, kando ya daktari.